Mtoto Mwenye Tetekuwanga Aogeshwe

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mtoto akitokwa na tetekuwanga kitu cha kwanza anachokatazwa ni maji. Wakubwa husema maji yatayasambaza malengelenge, baridi itamwingia mwilini, na upele ambao ulipaswa kutoka nje utarudi ndani. Basi mtoto hufunikwa blanketi, hufungiwa chumbani, na hukaa siku nne au tano bila kuoga, akitoka jasho na kujikuna usiku kucha. Wanaofanya hivyo wanampenda mtoto wao, na hilo halina ubishi. Lakini kwa yote yanayojulikana leo kuhusu ugonjwa huu na kuhusu ngozi, katazo hilo humzidishia mtoto muwasho, na muwasho ndio mlango ambao madhara mengi ya tetekuwanga hupitia.

Tetekuwanga huletwa na virusi vinavyoenea kwa njia ya hewa na kwa kugusa majimaji ya malengelenge. Dalili huanza kuonekana siku 10 hadi 21 baada ya kuambukizwa, na mtoto ambaye hajachanjwa hutokwa kwa kawaida na vipele kati ya 250 na 500. Chanjo ipo, ilitengenezwa Japani na daktari Michiaki Takahashi mwaka 1974, na Marekani ilianza kuwapa watoto wake mwaka 1995. Kwetu haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto, kwa hiyo watoto wengi watauguzwa nyumbani, kwa mikono ya mama, baba au bibi. Mtoto mwenye afya njema hupona mwenyewe baada ya wiki moja au zaidi kidogo, kwani kinga ya mwili wake huvimudu virusi hivyo. Hatari kubwa kwake huja kucha zinapopasua malengelenge, na bakteria wanaokaa juu ya ngozi ya kila mtu, hasa stafilokokasi na streptokokasi, wakapata njia ya kuingia ndani. Hapo huanza vidonda vya usaha, majipu, wakati mwingine sumu ya damu. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba katika majuma mawili baada ya kupata tetekuwanga, uwezekano wa mtoto kupata maambukizi makali ya streptokokasi wa kundi A huongezeka mara 58. Maambukizi hayo ni machache, lakini yanaua. Kwa sababu hiyo ninasema kutuliza muwasho ni sehemu muhimu ya tiba ya ugonjwa huu. Kovu la usoni ambalo wazazi wengi huliogopa ni sehemu ndogo tu ya sababu.

Muwasho husafirishwa na nyuzi nyembamba sana za neva zilizo karibu na uso wa ngozi. Joto na jasho huzichochea, ubaridi huzituliza. Ndiyo maana mtoto aliyefunikwa blanketi katika chumba kisicho na hewa, Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, hawezi kuacha kujikuna hata akikemewa. Maji hufanya kazi mbili: huipoza ngozi, na huondoa jasho na uchafu pamoja na bakteria waliojikusanya. Yawe ya uvuguvugu unaoelekea baridi. Mtoto akae ndani ya beseni au amwagiwe taratibu kwa dakika kumi hivi, mara mbili au tatu kwa siku, bila dodoki na bila kusuguliwa, kisha akaushwe kwa kubonyezwabonyezwa na kanga laini na safi. Dettol na spiriti ziwekwe mbali, maana huchoma ngozi iliyopasuka na kuikausha, na ngozi kavu huwasha zaidi. Mwenye oti nyumbani anaweza kuzisaga hadi ziwe unga laini na kutia kiganja kimoja katika maji. Oti zina viambato vinavyotuliza ngozi. Asiye nazo hajapungukiwa na jambo la maana. Kuhusu majani ya mwarobaini, sioni sababu ya kugombana na bibi anayeyachemsha, mradi maji yapoe kabisa kabla ya kumgusa mtoto na asinyweshwe hata tone. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Hoja ya kwamba maji husambaza malengelenge inastahili jibu, kwa sababu imetokana na jambo watu waliloliona kwa macho. Mtoto anaogeshwa leo, kesho anaamka na vipele vipya. Lakini vipele vya tetekuwanga hutoka kwa mafungu kwa siku tatu hadi tano, kwa kuwa virusi vimekwisha kuzunguka katika damu na kuifikia ngozi kutokea ndani. Mtoto ambaye hajaguswa na maji naye huamka na vipele vipya. Wanaohofia nimonia nao nawaelewa, maana nimonia imechukua watoto wengi. Hata hivyo, huletwa na vijidudu vinavyoingia mapafuni, virusi vya tetekuwanga vyenyewe vikiwa miongoni mwavyo, na maji ya kuogea hayavipeleki huko. Ukweli uliomo katika hofu hiyo ni mmoja: maji baridi sana humtetemesha mtoto mwenye homa, na kutetemeka huongeza joto la mwili. Jibu lake ni uvuguvugu. Na pale ambapo ndoo ya maji hununuliwa, kitambaa safi kilicholowekwa na kukamuliwa, kikiwekwa juu ya sehemu zinazowasha, hufanya sehemu kubwa ya kazi ya beseni.

Dawa za dukani huja baada ya maji, na hapa makosa ni mengi. Losheni ya kalamaini, ile ya rangi ya waridi, haijafanyiwa majaribio mengi ya kisayansi, lakini hupoza inapokauka na haina madhara ikipakwa mbali na macho na mdomo, hivyo itumiwe. Piriton husaidia hasa kwa kumletea mtoto usingizi, na usingizi kwa mtoto anayejikuna usiku ni faida ya kweli. Ila kipimo chake kitolewe na mfamasia au mganga kwa umri wa mtoto, mwenye umri chini ya mwaka asipewe bila daktari, na mzazi asome chupa ya dawa ya mafua kabla ya kuichanganya nayo, kwa kuwa dawa nyingi za mafua zina kiambato kilekile na mtoto atapata dozi mbili kwa pamoja. Parasetamoli ni ya homa na maumivu. Jaribio la watoto 68 lililochapishwa Marekani mwaka 1989 halikuona ikiwapunguzia muwasho. Aspirini asipewe kabisa: ikikutana na tetekuwanga huweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo. Ibuprofeni nayo iachwe, kwani tafiti kadhaa zimeihusisha na maambukizi makali ya ngozi kwa watoto wenye tetekuwanga.

Linaloniuma zaidi ni krimu za steroidi zenye betamethasoni, zinazouzwa hadi kwenye meza za barabarani na kupakwa kila upele. Hutuliza muwasho kweli, na ndiyo sababu wazazi huziamini. Lakini hufanya hivyo kwa kuidhoofisha kinga ya ngozi wakati ule ule ngozi inapoihitaji kupigana na virusi. Dawa ya zambarau, GV, kosa lake ni jingine: huficha wekundu ambao mganga anatakiwa kuuona.

Kucha zikatwe fupi na kuoshwa kila siku. Usiku mtoto mdogo avishwe soksi nyepesi mikononi na nguo pana ya pamba, dirisha liachwe wazi chini ya neti. Akiwashwa afundishwe kupapasa au kubonyeza badala ya kukuna, na mchana apewe cha kuchezea, maana muwasho huzidi mtoto anapokaa bila shughuli. Asiende shule wala chekechea mpaka malengelenge yote yawe yamekauka na kufanya vigaga.

Mtoto mchanga, mwenye utapiamlo, anayeishi na VVU, mwenye saratani au anayetumia vidonge vya steroidi apelekwe kituo cha afya siku ile ile vipele vinapoonekana. Wengine wote wapelekwe bila kungoja asubuhi ikiwa ngozi kuzunguka kidonda imevimba, ina wekundu unaoenea, ina joto au inatoa usaha. Wapelekwe pia homa ikirudi baada ya kushuka, au mtoto akianza kupumua kwa shida, kutapika mfululizo, kupepesuka, au kulala usingizi mzito usio wa kawaida.