Kijana Atokapo Makao ya Watoto

Kila mwaka katika Kenya kuna vijana wa kiume na wa kike wanaotimiza umri wa miaka 18 wakiwa wangali katika makao ya watoto. Kwa kijana aliye kwa wazazi wake, siku hiyo haina tofauti kubwa na siku nyingine. Jioni atakula pale pale alipokula jana. Kwa kijana wa makao, siku hiyo ina uzito mwingine. Kwa sheria yeye si mtoto tena, na kitanda chake huenda kinangojewa na mtoto mdogo. Pengine hupewa sanduku lake, nauli, na maneno mema ya kumuaga. Tangu asubuhi ya pili yake hana budi kujitafutia chumba, chakula na kazi, na mara nyingi ni katika mji asio na mtu anayemjua.

Wengi wa vijana hao hufaulu, wakawa walimu, mafundi, wauguzi na wazazi wema. Lakini wengi pia hupata taabu kubwa katika miaka ya kwanza, na taabu hiyo haitokani na uvivu wala utovu wa adabu. Hutokana na mambo ambayo yangaliweza kutengenezwa mapema. Yafaa mambo hayo yajulikane na watu wote, maana makao hayako mbali na vijiji vyetu wala mitaa yetu.

NI WATOTO GANI HAO?

Watu wengi hudhani kwamba kila mtoto aliye katika makao ni yatima asiye na mtu duniani. Sivyo. Wengi wao wana mzazi mmoja aliye hai, au nyanya, au mjomba, au shangazi. Walipelekwa huko kwa sababu ya umaskini, au ugonjwa wa mzazi, au ugomvi wa nyumbani, au kwa kuwa huko karo ya shule ililipwa na wafadhili. Wengine waliokotwa wakiwa wachanga, na jina la mama yao halikujulikana kamwe.

Idadi yao si ndogo. Serikali ilikadiria kwamba zaidi ya watoto 40,000 walikuwa wakikaa katika makao ya namna hii, mengi yakiendeshwa na makanisa, jumuiya za Waislamu na vyama vya hisani. Mwezi wa Novemba 2017 uandikishaji wa makao mapya ulisimamishwa. Kisha mwaka 2022 Sheria mpya ya Watoto ilianza kutumika, na mwaka huo huo ukatangazwa mpango wa miaka kumi wa kurekebisha malezi, utakaoendelea mpaka mwaka 2032. Shabaha ya mpango huo ni kwamba mtoto alelewe katika jamaa, na kwamba makao yawe njia ya mwisho tu. Sheria inataja njia za kufanya hivyo: malezi ya kambo, kuasili mtoto, kumwekea mtoto mlezi, na kafala kwa Waislamu.

Mpango huo utawafaa watoto walio wadogo sasa. Lakini kijana aliyekwisha kukaa makao miaka kumi na mitano hawezi kurudishiwa miaka yake. Yeye ahitaji kusaidiwa avuke salama kutoka lango la makao mpaka maisha ya mtu mzima.

TABU YA KWANZA: KARATASI

Na afikiriwe msichana aliyelelewa makao karibu na Nakuru tangu alipokuwa na miaka mitatu. Amemaliza shule ya sekondari na amepata nafasi katika chuo cha ufundi. Aenda kuomba kitambulisho. Karani amwuliza cheti cha kuzaliwa, hana. Amwuliza kitambulisho cha baba au mama, hajui waliko. Amwuliza chifu wa kwao ni nani; hajui kwao ni wapi. Karani si mtu mbaya, bali hawezi kuandika asilolijua. Msichana arudi na mikono mitupu.

Jambo hili laonekana dogo, lakini limefunga milango mingi kwa mara moja. Asiye na kitambulisho hawezi kuandikisha laini ya simu kwa jina lake, na kwa hiyo hawezi kupokea mshahara kwa M-Pesa. Hawezi kufungua akaunti ya benki, wala kuomba mkopo wa masomo wa HELB. Ni vigumu kwake kujiandikisha kama mtu mzima katika bima ya afya ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Hapigi kura. Akisimamishwa na polisi usiku, hana la kuonyesha. Mwajiri mwema atasita kumwandika, naye mwajiri mbaya atamwandika kwa furaha na kumlipa nusu, akijua kwamba hana pa kushitaki.

Sheria haikumsahau mtu huyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 14, yasema kwamba mtoto aliyeokotwa katika Kenya, naye akionekana ana umri usiofika miaka minane, na uraia wake na wazazi wake wasijulikane, atahesabiwa kuwa raia wa kuzaliwa. Basi haki ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuifuatia haki hiyo kabla siku ya kuondoka haijafika.

Makao yanayofanya kazi vizuri huanza shughuli hii mapema, siku ile ile mtoto anapopokelewa. Huweka faili yenye amri ya mahakama iliyomleta, barua ya afisa wa watoto, jina la mahali alipookotwa au kijiji alikotoka, na jina la kila jamaa aliyewahi kumzuru. Cheti cha kuzaliwa huombwa mtoto angali mdogo, wakati mashahidi wangali hai. Faili hiyo ikipotea, au ikifungiwa kabatini mpaka siku ya mwisho, kijana huondoka bila ushahidi wa kwamba alizaliwa.

TABU YA PILI: MAARIFA YA NYUMBANI

Makao mengi huendeshwa kwa kengele. Kengele ya kuamka, kengele ya chai, kengele ya kulala. Unga huja kwa lori, na sabuni hutolewa stoo. Mtoto hula vizuri na kuvaa vizuri, lakini hajapata kumwona mtu akihesabu shilingi za mwisho wa mwezi na kuamua kama zitanunua unga au zitalipa kodi. Mtoto wa nyumbani hujifunza hayo bila kufundishwa. Hutumwa dukani, husikia mama akiomba akopeshwe mpaka Ijumaa, huona baba akibishana na fundi juu ya bei.

Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na ulimwengu ni mwalimu mwenye fimbo nzito. Kijana aliyetoka makao hupata mshahara wake wa kwanza akaumaliza kwa siku nne, kwa kuwa hakupata kushika fedha kabla ya siku hiyo. Akienda kupanga chumba, mwenye nyumba ataka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana ya mwezi mwingine, na hakuna aliyemwambia kwamba atahitaji pia godoro, jiko, sufuria na ndoo. Mtu wa kwanza kumwonyesha wema mjini huaminiwa upesi, awe mwema kweli au awe na hila. Kwa wasichana hatari hii ni kubwa zaidi, kwa kuwa wapo wanaume wanaotoa chumba kwa bei isiyotajwa mwanzoni.

Dawa yake si ngumu. Kijana wa miaka 15 aweza kupewa zamu ya kwenda sokoni na orodha na fedha, akarudi na hesabu. Aweza kupika chakula cha wachache badala ya kutazama sufuria ya watu mia. Aweza kwenda peke yake kwa daktari, posta na benki. Akikosea fedha za nyanya akiwa angali makao, hasara ni ndogo. Akikosea kodi ya nyumba baadaye, atalala nje.

TABU YA TATU: UPWEKE

Jambo la tatu halionekani kwa macho, na huenda ndilo zito kuliko yote. Mwezi wa Desemba mabasi hujaa watu waendao kwao. Kijana aliyetoka makao hubaki katika chumba chake, maana hana kwao. Akiugua, hana wa kumpelekea uji. Akitaka kuoa, wazee wa upande wa pili huuliza wazee wake ni akina nani, naye hana wa kumtuma kupeleka mahari. Wengine huficha walikolelewa, wakiogopa kuitwa watoto wa makao hata wakiwa na watoto wao wenyewe.

Hata yule aliye na jamaa hapati njia rahisi. Amekulia mjini akisema Kiswahili na Kiingereza. Arudipo kijijini hawezi kuongea na nyanya yake kwa lugha ya ukoo. Hajui mipaka ya shamba wala majina ya binamu zake. Tena lipo jambo la urithi. Baba anapofariki, chifu huandika barua ya kuwataja walioachwa, na mtoto aliyeondoka akiwa mchanga husahaulika kwa urahisi, pengine kwa makusudi. Yafaa wazee wakumbuke kwamba kukaa katika makao hakumwondolei mtoto haki yake katika mali ya mzazi aliyefariki. Jina lake lastahili kuwamo katika barua hiyo.

Kwa sababu hizi, maafisa wenye ujuzi hushauri kwamba jamaa watafutwe miaka mingi kabla ya kuondoka, na kwamba mtoto akae nao wakati wa likizo, kwanza siku chache, kisha wiki, mpaka njia izoeleke. Kumrudisha kijana kwa jamaa asiowajua, kwa siku moja na gari la makao, ni sawa na kumpeleka ugenini.

NCHI NYINGINE ZAFANYAJE?

Taabu hii si ya Kenya peke yake. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulikubali miongozo juu ya malezi ya watoto wasio na wazazi wa kuwalea, na miongozo hiyo yasema kwamba maandalizi ya kuondoka yaanze mapema, na kwamba msaada uendelee baada ya kijana kuondoka.

Katika Uingereza, nchi yenye mali nyingi, vijana waliotoka malezi ya serikali walikuwa wakionekana kwa wingi miongoni mwa wasio na makazi na wasio na kazi. Ilipitishwa sheria mwaka 2000, na huko England ilianza kutumika mwezi wa Oktoba 2001, ikiamuru kwamba kijana awekewe mpango ulioandikwa na mshauri wake mwenyewe, mwenye jina na simu. Mwaka 2014 sheria nyingine huko England ikawawezesha vijana waliokuwa wakilelewa na jamaa za kambo kubaki nao mpaka umri wa miaka 21, pande zote mbili zikikubali. Sheria ya mwaka 2017 ikausogeza msaada wa mshauri mpaka umri wa miaka 25. Fundisho moja ladhihirika: miaka 18 ni hesabu ya sheria, lakini mtu hakomai kwa siku moja. Wazazi wote wajua hivyo, ndiyo maana mtoto wao wa miaka 22 angali akipiga simu nyumbani kuomba nauli.

KAZI YA KILA MTU

Wenye makao wanashauriwa kumwekea kila kijana mpango wa kuondoka tangu anapotimiza miaka 15 au 16, na kumtaja mtu mmoja wa kumfuatia kwa miaka michache baadaye. Simu moja kila wiki si gharama kubwa. Afisa wa watoto, ambaye ofisi yake hupatikana katika kaunti ndogo nyingi, ndiye wa kuulizwa juu ya cheti, amri za mahakama na kutafuta jamaa.

Machifu na wazee waweza kumsaidia kijana kupata barua zake bila kumzungusha. Waajiri na mafundi waweza kumpokea mwanafunzi mmoja wa kazi, wakimpa mkataba na mshahara wa haki. Majirani waweza kufanya jambo lililo rahisi kuliko yote: kumkaribisha mezani siku ya sikukuu, na kumwita kwa jina lake.

Na kijana mwenyewe anayo kazi yake. Asiondoke makao bila nakala ya faili yake na majina ya waliomlea. Akipata shida, asione haya kurudi kuuliza. Kuomba shauri si kuomba sadaka. Na awatafute wenziwe waliokwisha kutoka, maana wao wameipita njia hiyo. Katika Kenya wamekwisha kuanzisha chama chao wenyewe, Kenya Society of Care Leavers, ambacho husema kwa niaba yao na kusaidiana.

Mkono mmoja haulei mwana, na ulezi hauishi siku mwana anapofungasha sanduku lake. Makao yaliyomlea mtoto miaka kumi na mitano yamefanya kazi kubwa na ya heshima. Ingekuwa hasara kazi hiyo ipotee katika mwaka wa kumi na sita kwa kukosa cheti kimoja, sufuria moja, na mtu mmoja wa kumpigia simu.