Dereva wa Basi la Usiku, Jirani Yangu wa Voi

Wasomaji wengi wamepata kupanda basi la usiku baina ya Mombasa na Nairobi, lakini ni wachache waliopata kukaa na dereva wake wakazungumza. Mimi nimebahatika, kwa kuwa mmoja wao ni jirani yangu hapa Voi. Ni mtu wa makamo, mpole, tena hapendi jina lake litiwe gazetini. Basi nitamwita Mzee, kama wamwitavyo vijana wa stendi.

Mapenzi yake kwa mabasi yalianza utotoni. Siku zile barabara ya Mwatate kwenda Taveta ilikuwa haijatiwa lami, na gari lilitambulikana kwa wingu lake la vumbi jekundu kabla halijasikika. Yeye na watoto wenziwe walishindana kulitaja kwa mlio wa injini tu. Hata leo, siku yake ya mapumziko, utamkuta stendi akichungulia magurudumu ya mabasi ya watu wengine na kuuliza habari za gia. Mkewe asema mume wake akisikia honi hawezi kumaliza ugali wake.

Alianza kazi akiwa utingo katika gari la Wundanyi. Njia ile hupanda milima kwa kona zinazofuatana, na huko ndiko alikofundishwa kushuka kwa gia nzito, maana breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kulegea.

Barabara kuu ina taabu ya namna nyingine. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kilomita 480 hivi. Kwa amri zilizoanza kutumika Februari 2004, Bwana John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, basi halina ruhusa kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Piga hesabu, msomaji: njia ikiwa tupu kabisa, ni saa sita. Lakini njia ile haiwi tupu hata siku moja, kwa wingi wa malori ya bandarini. Nayo sheria yasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya saa 8 katika muda wa saa 24. Kwa hiyo safari moja huweza kuimaliza ruhusa yake yote ya siku.

Tena kuna wanyama. Barabara hupita katikati ya Mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948. Reli mpya, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengewa vivuko vya wanyama chini yake. Barabarani ndovu huvuka apendapo. Mzee asema swala humwona mbali kwa macho yake yang'aavyo, lakini ndovu aliyejipaka udongo ni kama kipande cha usiku wenyewe.

Hata hivyo, amwogopaye zaidi si ndovu. Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, alitoka Nairobi peke yake, kwa kuwa mwenzake alikuwa mgonjwa. Yapata saa tisa za usiku alivuka daraja la mto Tsavo. Mara akajiona yuko Manyani, wala hakukumbuka hata taa moja ya gari alilopishana nalo njiani. Macho yalikuwa wazi, mikono i juu ya usukani, lakini yeye mwenyewe hakuwapo. Alipofika Voi akasimamisha basi, akawaambia abiria kwamba atalala nusu saa.

Kelele ilikuwa kubwa. Mmoja alikuwa akienda mazikoni, mwingine alitishia kupiga simu kwa wenye basi, na kweli akapiga. Mzee alilala akiegemea usukani, huku akitukanwa. Mwisho wa mwezi alikatwa mshahara kwa kuchelewesha safari.

Nilimwuliza kama alijuta. Akasema ndiyo, ajuta hata leo; lakini si kwa sababu ya kusimama Voi, bali kwa kuwa hakusimama pale Tsavo.

Jambo hili lilinichoma, maana mimi pia ni mmoja wa wenye kelele. Dereva mmoja alipotusimamisha Mackinnon Road, karibu na msikiti wenye kaburi la Seyyid Baghali, ambapo madereva wengi husimama kuomba dua, nilikuwa wa kwanza kutazama saa na kunung'unika. Sikujiuliza ameendesha tangu saa ngapi. Kwa maoni yangu, mwajiri akataye mshahara ana hatia, lakini abiria amshitakiye dereva kwa simu humpa mwajiri huyo kisu.

Siku hizi Mzee yuko katika kampuni nyingine yenye madereva wawili kwa kila safari. Mwenzake huleta basi kutoka Mombasa, naye hulipokea hapa Voi yapata saa nne za usiku. Mchana watoto wa jirani hukatazwa kucheza mpira karibu na dirisha lake. Jioni hula chakula kidogo, huchukua koti na chupa ya chai, akaenda stendi mapema. Basi liingiapo, hulizunguka lote akigonga matairi kwa chuma, moja moja, akisikiliza sauti. Mwenzake hujinyosha katika kiti cha nyuma yake. Abiria wengi wakati huo wamelala, wala hawajui kwamba dereva amebadilika.