Kuezua Paa la Asbesto: Shimo la Mgodi Lililoachwa si Dampo

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wanaomiliki au kuishi katika nyumba zilizoezekwa kwa asbesto wanapaswa kufahamu jambo moja la msingi kabla ya kumwita fundi: paa hilo likiwa zima na likiachwa bila kuguswa, hatari yake ni ndogo. Hatari kubwa huzaliwa siku linapotobolewa, kukatwa, kuvunjwa au kutupwa ovyo. Kwa wakazi wa Mwakitolyo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, na maeneo mengine ya uchimbaji mdogo wa dhahabu hadi Geita, lipo jambo la pili lenye uzito uleule, nalo ni mahali zinapopelekwa taka hizo baada ya nyumba kuezuliwa.

Asbesto ni nini?

Asbesto ni jina la kundi la madini ya asili yenye nyuzi nyembamba, imara na zisizoungua kwa moto. Kwa sababu ya sifa hizo, viwanda vilizichanganya nyuzi hizo na saruji kutengeneza mabati ya kuezekea, mbao za dari, vibao vya kufunika kuta, mifereji ya paa na mabomba ya maji. Katika bati la saruji, asbesto kwa kawaida huwa kati ya asilimia 10 na 15 ya mchanganyiko. Bidhaa hizo zilienea Afrika Mashariki katika shule, zahanati, maghala na nyumba za watumishi, na zilitengenezwa pia ndani ya kanda hii, ikiwemo katika kiwanda kilichokuwa Tororo, nchini Uganda.

Bati la asbesto hutambulika kwa dalili kadhaa. Lina rangi ya kijivu, ni nene kuliko bati la chuma, sumaku hainasi juu yake, halipati kutu, na likizeeka huota ukungu na kuvu. Hata hivyo, jicho peke yake halitoshi. Uthibitisho hupatikana maabara. Pasipo na uthibitisho huo, kanuni ya usalama ni kulichukulia bati la kijivu la jengo la zamani kuwa ni la asbesto.

Madhara yasiyoonekana siku ya kazi

Bati linapokatwa kwa msumeno au kupigwa nyundo, nyuzi zake hutoka kama vumbi. Zilizo ndogo zaidi hazionekani kwa macho, hukaa hewani kwa saa nyingi, na zikivutwa hufika ndani kabisa ya mapafu, ambako mwili hushindwa kuziyeyusha au kuzitoa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu, ya zoloto, ya ovari na ya utando unaozunguka mapafu, inayojulikana kitaalamu kama mesotelioma. Asbesto pia husababisha makovu ya mapafu yanayomfanya mgonjwa apumue kwa shida. Kwa mujibu wa Shirika hilo, zaidi ya watu 200,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na asbesto waliyokutana nayo kazini.

Maradhi haya hujitokeza kati ya miaka 10 na 40 au zaidi baada ya vumbi kuvutwa. Fundi anayeezua nyumba leo hatakohoa kesho, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Aidha, mvutaji wa sigara aliyevuta vumbi la asbesto anakabiliwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya mapafu kuliko mtu aliyekutana na kimoja tu kati ya hivyo viwili.

Katika maeneo kama Mwakitolyo suala hili linahitaji uangalifu wa ziada. Wachimbaji na wasagaji wa mawe kwenye makarasha tayari huvuta vumbi la mawe, ambalo lina maradhi yake ya mapafu na huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Kwa kuwa kikohozi na kuishiwa pumzi ni dalili za maradhi yote hayo, mgonjwa anashauriwa kumweleza mtoa huduma za afya historia nzima ya kazi zake, ikiwemo kazi za kuezua.

Je, ni lazima kuezua?

Si kila paa la asbesto linalopaswa kuondolewa mara moja. Bati lisilo na nyufa na lisilomomonyoka linaweza kubaki mahali pake, mradi halitobolewi, halisuguliwi kwa brashi ya chuma, halikanyagwi na halioshwi kwa mashine ya maji yenye msukumo mkubwa. Kwa mwenye nyumba asiye na fedha za kuezua kwa utaratibu unaotakiwa, kuliacha paa zima na kulikagua kila mwaka ni salama kuliko kuliondoa kwa njia ya mkato. Kuondoa ni lazima pale bati linapopasuka, linapobomoka pembeni, au nyumba inapokarabatiwa au kubomolewa.

Wananchi wengi wa Shinyanga huvuna maji ya mvua kutoka kwenye mapaa. Kuhusu hilo, WHO haijapata ushahidi thabiti kwamba nyuzi za asbesto zinazomezwa katika maji ya kunywa zinadhuru afya. Tahadhari inahitajika kwa tope linalokusanyika kwenye mfereji na chini ya tangi, kwani likikauka na kufagiliwa hugeuka vumbi. Tope hilo lizolewe likiwa bichi.

Utaratibu wa kuezua

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, shughuli za kukusanya, kusafirisha na kutupa taka hatarishi huhitaji kibali. Hatua ya kwanza kwa mwenye nyumba ni kutoa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, ili aunganishwe na Afisa Mazingira na Afisa Afya wa Halmashauri. Kwa wakazi wa Mwakitolyo, makao makuu ya Halmashauri yako Iselamagazi. Mwongozo hupatikana pia kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Fundi anapoajiriwa kwa kazi hiyo, masuala ya usalama wake yanaongozwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA).

Kazi yenyewe izingatie mambo yafuatayo:

1. Ifanyike siku isiyo na upepo mkali. Watoto, majirani na mifugo wakae mbali, vyombo na vyakula vitolewe, na bomba la kuvunia maji ya mvua litenganishwe na tangi.

2. Bati liloweshwe kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo kabla ya kuguswa, na liendelee kuwa bichi hadi mwisho wa kazi.

3. Misumari na skurubu zifunguliwe au zikatwe kwa koleo. Msumeno na mashine ya kukatia zisitumike.

4. Mabati yateremshwe mazima, moja baada ya jingine. Yasirushwe chini.

5. Fundi avae kinga ya pua na mdomo yenye uwezo wa kuchuja nyuzi za asbesto. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii nyuzi hizo. Nguo za kazi zisipelekwe nyumbani kufuliwa pamoja na za familia.

6. Mabati yafungwe kwa tabaka mbili za plastiki nzito na kuandikwa wazi kuwa ni asbesto. Vipande na tope vizolewe vikiwa bichi, visifagiliwe vikavu.

Mahali pa kutupa

Asbesto haiozi wala haiungui. Kuichoma hakuiondoi, na bati la saruji likipata moto hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande. Njia inayokubalika ni kuifukia katika dampo lililotengwa na kuidhinishwa, ikiwa imefungwa, ikafunikwa kwa udongo wa kutosha, na eneo hilo likawekewa kumbukumbu ili lisichimbwe tena.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalofanya maduara yaliyoachwa yasifae kabisa kutupia mabati hayo. Katika maeneo ya dhahabu, shimo lililoachwa leo hufunguliwa tena bei ya dhahabu ikipanda au mwamba mpya ukigunduliwa, na marudio huchukuliwa na kusagwa upya. Mabati yaliyofukiwa humo yatakutana na sururu ya mchimbaji asiyejua kilichomo, na huenda yakaingia kwenye karasha pamoja na mawe. Aliyeyatupa atakuwa amemhamishia hatari kijana ambaye hakuwahi kulala chini ya paa hilo.

Vivyo hivyo, mabati yaliyoezuliwa yasiuzwe wala kugawiwa kwa ajili ya bafu, jiko, banda la kuku au kivuli cha duara. Mwananchi anayeuziwa mabati ya kijivu yaliyotumika kwa bei ya chini anapaswa kuuliza yametoka wapi kabla ya kuyanunua.

Nchi jirani zimechukua hatua kwa nyakati tofauti. Kenya iliiorodhesha asbesto kuwa taka hatarishi kupitia kanuni zake za taka za mwaka 2006, na Rwanda imekuwa ikiendesha mpango wa kitaifa wa kuondoa mapaa hayo tangu mwaka 2011. Hapa nchini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira inampa kila mkazi haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na pia inamtaka ayalinde. Mwananchi anayeona mabati ya asbesto yametupwa kando ya barabara, mtoni au kwenye shimo la mgodi, asiyaguse, bali atoe taarifa mapema kwa Mtendaji wa Kata au Afisa Mazingira wa Halmashauri yake.