Marudio ya Njeo za Vitenzi katika Darasa la Nne

Katika mazoezi ya kufundisha, marudio ya njeo mara nyingi hufanywa kwa jedwali: mwalimu huandika ubaoni -na-, -me-, -li- na -ta-, watoto huimba kwa pamoja, na kipindi huisha. Tuliyoyaona katika shule moja ya Kagongwa yalitufanya tuutilie shaka mtindo huo. Mtoto aliulizwa kama amemaliza zoezi, akajibu, "Sikumaliza." Mwalimu akamwadhibu kwa uvivu. Kumbe kalamu ilikuwa ingali mkononi mwake, alikusudia kusema, "Sijamaliza."

Chanzo cha kosa hilo ni desturi yetu ya kufundisha ukanushi peke yake, majuma kadhaa baada ya uyakinishi. Afadhali viende jozi kwa jozi. Kagongwa ni mji wa mpunga na mashine za kukoboa, na watoto wake wameyazoea malori yangojayo mzigo. Basi tuanze na lori. "Lori limefika", kinyume chake ni "Lori halijafika", yaani bado tunalingoja. "Lori lilifika jana". Kinyume chake ni "Lori halikufika jana", na habari imekwisha. Watoto waulizwe: katika hali ipi mchukuzi aendelee kungoja, na katika hali ipi arudi nyumbani? Swali hilo huwafunza zaidi ya jedwali zima. Jozi za linafika na halifiki, litafika na halitafika, hazina taabu kubwa.

Tukumbuke pia kwamba wengi wa watoto hawa huja shuleni na Kisukuma, lugha ambayo kitenzi chake hutenganisha yaliyopita karibuni na yaliyopita zamani. Kiswahili sanifu hutumia -li- ile ile kwa mambo ya asubuhi ya leo na kwa mambo ya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Mtoto atafutaye mahali pa kuiweka tofauti aliyoizoea si mjinga. Aonyeshwe kwamba kazi hiyo hufanywa na maneno kama "leo asubuhi", "juzi" na "hapo kale".

Vitenzi vya silabi moja vinahitaji kipindi chake. Katika "alikula" na "hatakula", ku- ni ile ya kitenzi-jina "kula", iliyobaki kwa sababu shina ni fupi mno. Katika "hakula", -ku- ni kiambishi cha kukanusha wakati uliopita. Katika "hajala" na "akala" haipo kabisa. Tumekutana na walimu wazoefu wasioweza kueleza jambo hili, nao huwaandikia watoto kosa kwa "hajakula", umbo lisemwalo na watu wengi, bila ya kutoa sababu.

Mwisho, -a hugeuka -i katika "hafiki" na "hasomi", lakini "hajibu", "hasahau" na "hasamehe" hubaki kama yalivyo, kwa kuwa vitenzi hivyo vyenye asili ya Kiarabu havina -a ya kugeuzwa.