Swali la mtoto jikoni si la kuchekwa

Jioni katika vijiji vya Kahe, kule tambarare chini ya mji wa Moshi, joto la mchana hukawia kuondoka. Mama anapepea jiko la mkaa, mtoto amechuchumaa kando anaangalia. Mara linakuja swali: kwa nini mkaa ukikolea unakuwa mwekundu, mbona hauwi wa bluu? Katika nyumba nyingi jibu ni moja tu: nenda kalete maji.

Lakini swali la aina hiyo ndilo lililozaa fizikia ya kwanta, elimu ya vitu vidogo mno kama atomi na mwanga. Simu ya mkononi, taa za LED na sola zilizo juu ya mabati zote zinaitegemea elimu hiyo.

Profesa aliyekatisha tamaa

Mwaka 1874 kijana wa Kijerumani, Max Planck, alijiunga na Chuo Kikuu cha Munich. Profesa Philipp von Jolly alimshauri aachane na fizikia, kwa kuwa humo karibu kila kitu kilikuwa kimeshagunduliwa. Planck aliisoma hivyo hivyo.

Mwaka 1900, akiwa Berlin, alikuwa akihangaika na swali lile lile la mkaa: kitu cha moto hutoa mwanga wa rangi zipi, na kila rangi kwa kiasi gani? Hesabu yake ilikubaliana na vipimo kwa sharti moja la ajabu. Nishati isitiririke kama maji ya mfereji, bali itoke kwa mafungu, kama mchele unaopimwa kwa kopo: moja, mawili, matatu, bila nusu. Mafungu hayo ndiyo kwanta. Fungu la mwanga wa bluu ni kubwa kuliko la mwekundu, na mkaa wa jikoni hauna joto la kutosha kulitoa kwa wingi. Ndiyo maana tunauona mwekundu.

Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kuwa mwanga wenyewe husafiri kwa mafungu. Niels Bohr akalipeleka wazo hilo ndani ya atomi mwaka 1913, kisha Werner Heisenberg mwaka 1925 na Erwin Schrödinger mwaka 1926 wakaliandikia hesabu kamili.

Kijana wa askirimu

Tanzania nayo ina jina lake katika elimu hiyo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakichemsha maziwa na sukari, wanasubiri yapoe, kisha wanayagandisha kupata askirimu. Siku moja nafasi ndani ya friji ilikuwa inakwisha. Mpemba akayaingiza ya kwake yakiwa ya moto, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa.

Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akafanyiwa mzaha. Hakuacha. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alimuuliza swali lile lile mbele ya wenzake, wakacheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala ya kisayansi pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya Moshi.

Kuhusu maji, ubishi haujaisha. Wapo waliopima kwa makini wasilione jambo hilo. Hata hivyo, mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walitangaza kuwa wameona jambo linalofanana nalo katika kundi dogo la ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme. Hali iliyoanzia mbali zaidi na utulivu iliufikia mapema kuliko iliyoanzia karibu. Wanafizikia wanaliita athari ya Mpemba ya kwanta.

Mzazi afanye nini?

Mzazi hahitaji shahada ili asimzime mtoto. Afanye kama Osborne: akubali kwamba hajui, kisha wajaribu pamoja.

Mwenye friza, hata ile ya kugandishia barafu za kuuza, achukue vikombe viwili vya chuma vinavyolingana. Kimoja atie maji ya vuguvugu, kingine maji ya moto kwa kiasi kile kile. Ya moto amimine mtu mzima. Mtoto achungulie kila baada ya dakika kumi na kuandika saa kwenye daftari. Ya moto yakitangulia kuganda, aandike. Yasipotangulia, aandike vilevile, kisha warudie kesho waone kama itakuwa hivyo hivyo.