Fimbo haijui ghaibu

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mjuzi wa yaliyofichikana na yaliyo dhahiri. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, Ijumaa moja tulipokuwa tukitoka msikitini hapa Tunduma, mjukuu wangu alinivuta kanzu akaniuliza swali ambalo watu wazima wengi wanalo moyoni lakini huona haya kulitamka. "Babu, ile fimbo anayopanda nayo khatibu kwenye mimbari, ina dawa ndani yake?" Nikamwuliza ameyapata wapi maneno hayo. Akanijibu kwamba mwenzake wa shuleni amemweleza kuwa fimbo ya mganga ina dawa, basi ya khatibu bila shaka ina dawa kubwa zaidi.

Nilitaka kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimeketi katika suluhu ya familia moja ya Kiislamu katika mkoa wetu huu wa Songwe, familia iliyovunjwa na kipande cha mti.

Kisa chenyewe ni hiki. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja walikuwa wakiishi kiwanja kimoja pamoja na shangazi yao, mjane aliyekwisha kupita miaka 70. Yeye ndiye aliyewalea baada ya mama yao kufariki. Mtoto wa yule ndugu mkubwa akawa anaumwa mara kwa mara: mifupa inamuuma, vidole vinavimba, anaishiwa damu. Majirani wakanong'ona. Akaitwa mganga mtembezi, naye akaja na fimbo iliyofungwa shanga na vitambaa. Akaisimamisha uani, akasema maneno yake, kisha akaiachia. Fimbo ikaanguka, kichwa chake kikaelekea mlango wa yule bibi.

Tangu siku hiyo watoto wa nyumba ile walikatazwa kupokea chakula kutoka mkononi mwake. Ndugu mdogo alipomtetea, akaambiwa naye ni mshirika wake. Salamu zikakatika baina ya watu waliozaliwa tumbo moja.

Baadaye mtoto alipelekwa hospitali, akapimwa damu, akaonekana ana ugonjwa wa selimundu, ambao ni maradhi ya chembe nyekundu za damu. Mtoto huyarithi kwa wazazi wake wote wawili, wala hayatumwi na mtu. Katika kikao cha suluhu yule bibi hakulalamika sana. Aliwauliza swali moja tu: "Mlipokuwa wadogo mkiumwa, nani aliwabeba mgongoni?" Mkubwa akalia, akaomba radhi, naye akasamehewa. Lakini hadi leo wale watoto wakipewa chakula na bibi yao huitazama kwanza mikono yake.

Ndiyo maana nimeona leo tuzungumzie fimbo.

WATU HUIPA FIMBO MAANA

Fimbo ni chombo cha kale mno. Mzee huitegemea, mchungaji huongozea ng'ombe, mwalimu wa madrasa huonyeshea herufi ubaoni. Kwa kuwa hushikwa na mwenye mamlaka, watu wameifanya kuwa alama ya mamlaka. Marehemu Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, alizoeleka kwa kifimbo chake, na mitaani watu walisimuliana kwamba kifimbo kile kina nguvu za ajabu. Hapa ndipo penye hatari: kitu kinaanza kuwa alama, kisha alama inageuzwa kuwa yenye nguvu kwa nafsi yake.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Waafrika peke yao. Huko Uingereza, baada ya sheria ya kale ya uchawi kufutwa mwaka 1951, mtu aitwaye Gerald Gardner alitoa kitabu mwaka 1954 akitangaza ibada za kipagani ambazo leo hujulikana kwa jina la Wicca na zina wafuasi Ulaya na Marekani. Miongoni mwa vyombo vyao ni kifimbo cha mti. Kwao ni alama ya utashi wa mtu, nacho hutumika, kwa madai yao, kuelekeza nguvu. Wapo wanaosema kinawakilisha hewa, na wapo wanaosema kinawakilisha moto. Kama mti ungekuwa na siri ndani yake, wasingelikhitalifiana, kwani mti wenyewe ungeliwafundisha. Maana ile wameiweka wao wenyewe.

Watoto wetu nao wameyaona hayo katika filamu za Harry Potter, ambazo zimetokana na riwaya zilizoanza kuchapishwa mwaka 1997. Mzazi asidharau. Mtoto anayeona kwenye simu kifimbo kikitoa radi, kisha akasikia uani kwamba fimbo ya mganga imemtaja bibi yake, huviunganisha vitu hivyo viwili akavifanya kimoja.

MUSA NA FIMBO YAKE

Hapa baadhi ya waganga hujitetea kwa kusema, mbona Nabii Musa (AS) naye alikuwa na fimbo? Naam, alikuwa nayo, na kisa chake ndicho kinachowavunja.

Katika Sura Taha, kuanzia aya ya 17, Mwenyezi Mungu (SW) anamwuliza Musa ni kitu gani alichokishika mkononi mwake wa kulia. Allah hakuuliza kwa kutojua. Alitaka Musa akiri kwa ulimi wake kile anachokijua. Naye akajibu kwamba ni fimbo yake, huiegemea, huwaangushia majani kondoo na mbuzi wake, na ana matumizi mengine nayo. Hakusema ina siri wala dawa. Ni kuni iliyochongwa, fimbo ya mchungaji.

Kisha akaamrishwa aitupe, ikawa nyoka mwenye kwenda mbio. Na Musa alifanya nini? Sura Al-Qasas, aya ya 31, inatufahamisha kwamba aligeuka akakimbia bila ya kutazama nyuma. Ndugu msomaji, je, mwenye kumiliki nguvu hukimbia chombo chake mwenyewe? Alikimbia kwa sababu nguvu haikuwa yake wala ya fimbo. Ilikuwa ya Yule aliyeamrisha.

Walipokutana na wachawi wa Firauni, wale ndio waliokuwa mabingwa wa fimbo na kamba. Qurani inasema katika Sura Taha, aya ya 66, kwamba vitu vyao vilimdhihirikia Musa kama vinakwenda kwa sababu ya uchawi wao. Yalikuwa ni mazingaombwe ya macho. Fimbo ya Musa ilipovimeza walivyovibuni, wa kwanza kuanguka kusujudu walikuwa ni wachawi hao hao. Wao waliijua kazi yao, kwa hiyo walitambua mara moja kwamba waliyoyaona si kazi ya mti. Tena hawakuisujudia fimbo. Walimwamini Mola wa Harun na Musa.

MISHALE YA KUPIGIA RAMLI

Waarabu wa zama za ujahiliya walikuwa na vijiti viitwavyo azlamu, navyo ni mishale isiyo na ncha. Mtu akitaka kusafiri, kuoa au kujua nasaba ya mtoto, alichomolewa kijiti kimoja akafuata kilichosema. Mwenyezi Mungu ameiharamisha ramli hiyo katika Sura Al-Maida, aya ya 3, na katika aya ya 90 akaitaja pamoja na pombe, kamari na masanamu kuwa ni uchafu katika kazi za shetani.

Imepokewa na Imamu Bukhari kwamba Mtume (SAW) alipoikomboa Makka mwaka wa 8 Hijria aliikuta sura ya Nabii Ibrahimu na Ismaili (AS) imechorwa ndani ya Al-Kaaba, nao wameshikishwa vijiti hivyo. Akawalaani waliofanya hivyo, na akaapa kwamba manabii hao hawakupata kamwe kupiga ramli kwavyo. Tazama namna watu walivyotaka kuupamba upotovu wao kwa majina ya mitume. Anayesema leo kwamba fimbo yake ya kupigia ramli ni sunna ya Musa anafuata nyayo za wachoraji wale.

MCHWA ALIYEWAUMBUA MAJINI

Wapo wanaosema: "Sheikh, si fimbo inayosema, ni majini yanayoisukuma, nayo yanajua." Jawabu lake lipo katika Sura Sabaa, aya ya 14. Nabii Suleiman (AS) alifariki hali ameiegemea fimbo yake, na majini waliokuwa wakitumikishwa wakaendelea na kazi nzito wakidhani yu hai anawatazama. Hawakujua hata kidogo mpaka mdudu wa ardhini alipoila fimbo, mwili ukaanguka. Hapo ndipo ilipobainika kwamba lau majini wangelikuwa wanajua ghaibu wasingelibaki katika adhabu ile ya kuwadhalilisha.

Sisi wa nyanda hizi tunamjua mchwa vizuri, anavyokula nguzo za nyumba na mipini ya majembe. Mdudu huyo ndiye aliyewaumbua majini. Jini aliyekuwa mbele ya maiti hakujua kwamba ni maiti. Vipi atajua kilichomo ndani ya damu ya mtoto wa Tunduma?

YALIYOTUPATA SISI

Mambo haya yana historia katika ardhi yetu. Miaka ya 1930 lilizuka kundi la wasaka wachawi lililoitwa mchape, likatoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, likaenea Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, hadi Tanganyika. Vijana hao waliwapanga wanakijiji mstari na kuwatazama katika kioo kidogo ili kumtambua mchawi, kisha wakawanywesha dawa. Mtafiti wa Kiingereza, Audrey Richards, aliyekuwa kwa Wabemba, jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka, alizichunguza pembe zilizokusanywa kama ushahidi wa uchawi, akaona kwamba nyingi zilikuwa za dawa tu zisizo na madhara. Jana kilikuwa kioo, leo ni fimbo au usinga. Chombo hubadilika, lakini anayetajwa ni yule yule: mjane, mzee, asiye na mtetezi.

Na matokeo yake si kununiana tu. Vizee wameuawa katika mikoa mbalimbali ya nchi yetu kwa tuhuma zilizoanzia kwa mpiga ramli. Ndugu zetu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo, hasa kuanzia mwaka 2007, kwa ahadi za utajiri zilizotolewa na waganga. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji hata mwenye kumiliki chombo cha uchawi, na mwezi Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila ua. Anayefungua mlango usiku kumpokea mganga ni baba au mama wa nyumba.

TUFANYE NINI?

Simkanushii mtu kwamba uchawi upo. Qurani imeutaja katika Sura Al-Baqara, aya ya 102, na hapo hapo ikasema kwamba hao hawamdhuru yeyote ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Ninachokataa ni mtu kudai kuwa anamjua aliyefanya kwa kuangusha fimbo. Imamu Muslim amepokea kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, haikubaliwi swala yake ya siku 40. Na kumsingizia Muislamu mwenzio uchawi bila ya ushahidi ni dhuluma ambayo utaulizwa Siku ya Kiyama, hasa akiwa ni mzazi au mlezi wako.

Basi mtoto akiumwa, kwanza apelekwe hospitali akapimwe. Mtume (SAW) ametuamrisha tujitibu. Pamoja na hayo asomewe Al-Fatiha, Ayatul Kursiyyu, Qul-huwallahu na Muawidhatayni, na mzazi amsomee mwenyewe, kwani hilo halihitaji fimbo wala jogoo mweusi. Dawa ya mitishamba kwa mjuzi wake si haramu, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaitambua tiba hiyo. Lakini mtoa dawa akianza kukuuliza "unagombana na nani nyumbani?", simama uondoke. Huyo hatafuti ugonjwa, anatafuta jina la kukurudishia. Na ukisikia nduguyo ametajwa, nenda ukale naye chakula hadharani, watoto wako wakiona.

Nikirudi kwa mjukuu wangu, nilimweleza kwamba Mtume (SAW), kama alivyopokea Abu Daud, alihutubia hali ameegemea fimbo au upinde. Aliutumia mkuki mfupi kuwa sutra mbele yake aliposali uwanjani, aligusa Jiwe Jeusi kwa bakora alipotufu juu ya ngamia, na siku ya kuikomboa Makka aliyachoma masanamu kwa fimbo iliyokuwa mkononi mwake. Yote hayo ni matumizi ya fimbo kama fimbo.

Ijumaa iliyofuata, kwa ruhusa ya khatibu, nilimpa aishike mwenyewe baada ya swala. Akaipima uzito, akainusa, akaigonga sakafuni. "Babu," akasema, "ni mti tu." Nikamwambia, naam, ni mti tu, na hayo ukamweleze mwenzako wa shuleni.

Ewe Mola wetu, zisafishe nyoyo zetu na shirki ya dhahiri na ya siri, uziunganishe nyumba zetu zilizovunjika, na uwalinde wazee wetu na ndimi zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.