Tikiti ya Maili na Siku Moja ya Kungoja

Katika nyumba nyingi za Gitega na Muyinga yuko mtu ambaye kazi au udugu umempandisha ndege mara kadhaa: mwanajeshi aliyepelekwa masomoni ng'ambo, binti afanyaye kazi Brussels, mfanyabiashara aendaye Dubai kutafuta bidhaa. Kila safari humwachia kipande cha karatasi ya kupandia ndege, nacho hutupwa mara afikapo nyumbani. Ni wachache wajuao kwamba karatasi ile ilikuwa na akiba ndani yake, na kwamba akiba hiyo ikitunzwa vema yaweza siku moja kumfikisha mtu Unguja na kumshusha chini ya bahari, kwenye matumbawe na samaki wa kila rangi.

Desturi ya kuwalipa abiria kwa maili ilienea baada ya American Airlines ya Marekani kuanzisha mpango wake mwaka 1981. Leo karibu kila shirika kubwa lina daftari la namna hiyo. Kujiandikisha kwa kawaida ni bure, ila jina sharti liwe lile lile la pasipoti. Hapa Warundi wengi hukwama, kwa kuwa jina la Kirundi na lile la dini hubadilishana nafasi kutoka karatasi moja hadi nyingine, na maili za jina lililogeuzwa huweza kupotea. Tena mashirika yamefungamana. Ethiopian Airlines iliingia katika umoja wa Star Alliance mwaka 2011, ambamo Brussels Airlines ilikuwa imekwisha kuingia mwaka 2009. Kwa hiyo abiria wa mashirika hayo mawili aweza kukusanya maili zake katika kapu moja badala ya kuzitawanya.

Maili kwa kawaida huandikiwa aliyeketi kitini, si aliyelipa nauli. Askari aliyetumwa na serikali kwa tikiti ya kawaida ana haki ya kuzipata. Lakini ndege za kukodi, mfano wa zile zinazochukua vikosi vya kulinda amani, kwa kawaida haziandiki kitu. Wanajeshi wa Burundi walianza kwenda Somalia mwishoni mwa mwaka 2007, na wako watakaostaajabu kuona safari ndefu kama zile hazikuacha hata maili moja. Tikiti ya bei nafuu nayo huzaa kidogo. Maili zisizotumiwa mara nyingi hufa baada ya muda fulani, na hata tikiti ya maili hudai kodi na ada kwa fedha taslimu. Jambo la kutia moyo ni kwamba mipango mingi humruhusu mwenye akiba kumkatia jamaa yake tikiti. Binti wa Brussels aweza kuwasafirisha wazazi wake. Kununua maili mtaani kwa mtu asiyejulikana ni jambo jingine. Mashirika hukataza biashara hiyo, na msafiri aweza kufutiwa tikiti akiwa kiwanjani na mizigo yake.

Lakini fumbo kubwa la safari hii haliko katika kupata tikiti, bali katika tarehe yake. Viti vya maili huwa vichache, na mara nyingi hupatikana siku ambazo wengine hawazitaki. Msafiri huona kiti cha Ijumaa alfajiri, hufurahi, hukichukua, kisha hupanga kuzamia mpaka Alhamisi jioni ili asipoteze siku hata moja. Hapo ndipo anapouweka mwili wake hatarini.

Mzamiaji aliye kina cha mita 10 baharini hupumua hewa yenye mgandamizo maradufu ya ule wa ufukweni. Nitrojeni iliyomo katika hewa hiyo huyeyuka na kuingia damuni na katika misuli. Akipanda polepole hutoka kwa pumzi bila madhara. Mgandamizo ukipungua ghafla, hufanya mapovu, sawa na chupa ya soda inayofunguliwa kwa pupa. Mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kupooza, hata kifo. Mwanasayansi John Scott Haldane aliyafanyia majaribio kwa mbuzi, na mwaka 1908 yalichapishwa majedwali yake ya kupanda kwa hatua, kazi iliyofanywa kwa ajili ya wazamiaji wa jeshi la majini la Uingereza. Ndege inaporuka, hewa ya ndani yake yaweza kuwa nyepesi kama ile ya mlima wa mita 2,400. Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri kungoja angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja mwepesi, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa au siku mfululizo. Wengi huona afadhali saa 24 kamili. Mzamo uliolazimu vituo vya kusimama wakati wa kupanda hudai muda mrefu zaidi.

Kwa wakazi wa milimani, onyo hilo halikomi kwenye ndege. Ziwa Tanganyika, lenye samaki wa mawe wanaosifika ulimwenguni, liko mita 774 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko pia watu huzamia. Majedwali yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayafai pale bila kurekebishwa. Na mtu aliyezamia ziwani asubuhi, akapanda basi mchana kurudi Gitega, hupita Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Muyinga nako kwa njia ya Kayanza na Ngozi hufikiwa kwa kupita Bugarama hiyo hiyo. Kwa damu yake, abiria huyo amepanda ndege bila tikiti. Alale Bujumbura usiku huo. Mlima hauna haraka.

Basi hesabu ya safari yafaa ianzie mwisho, irudi nyuma. Kiti cha kurudi kikiwa cha Jumamosi asubuhi, mzamo wa mwisho uwe Alhamisi, na Ijumaa iachwe tupu. Si siku ya hasara. Mji Mkongwe una vichochoro vya kutembelewa, Forodhani ina vyakula vya jioni, na watoto waliokuwa wakiwangoja wazazi ufukweni watapata haki yao. Kuogelea juu ya maji kwa miwani na mrija hakuzuiwi, mradi mtu asizame chini.

Majira nayo yaangaliwe. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huchafua maji na kuvuruga safari za mashua. Anayetamani kumwona papa potwe kisiwani Mafia, kwenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, aende kati ya Oktoba na Machi.

Asiyewahi kuzamia sharti ajifunze kwanza. Mafunzo ya mwanzo huchukua siku tatu au nne, yenye mizamo isiyopungua minne, na cheti chake kwa kawaida humruhusu mtu mzima kufika mita 18. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au masikio mabovu amwone daktari kabla ya kugusa maili zake, na mwenye mafua asizamie hata kama amekwisha kulipa. Mizigo haina haja ya kuwa mikubwa: mitungi na risasi za uzito hukodishwa huko huko. Miwani inayomkaa vizuri usoni na tochi yenye betri vichukuliwe mkononi. Na kabla ya kumlipa mwenye mashua, aulizwe swali moja: chumba cha mgandamizo cha kumtibia mzamiaji aliyepatwa kiko wapi, na humchukua mgonjwa saa ngapi kufika huko.